Njia ya Wapagazi na Vituo Visivyotajwa

Mwaka 2006 Tanzania ilipeleka UNESCO pendekezo la njia kuu ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, ili iingie katika orodha ya awali ya maeneo yanayosubiri kupimwa kama yanafaa kuwa Urithi wa Dunia. Njia hiyo ina urefu wa kilomita zipatazo 1,200, toka Bagamoyo hadi Ujiji, na katika urefu wote huo yalitajwa maeneo sita tu: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Kila moja lina haki ya kuwapo, na sioni hata moja la kuondoa. Lakini mtu akiyaunganisha yote sita kwa mstari kwenye ramani, kisha akasoma masimulizi ya waliopita huko katika karne ya 19, ataona kuwa mstari huo unaruka karibu kila kitu kilichoiwezesha misafara kufika: visima, vivuko, machimbo ya chumvi, miji ya watawala waliofunga na kufungua barabara. Tena unaiacha nje nchi nzima ya kusini, ambako watumwa wengi zaidi walitoka. Naona njia hii ipanuliwe, na ipanuliwe kwa kipimo kingine. Tuanze na waliobeba mizigo: walipita wapi, walikunywa maji wapi, walilipa ushuru wapi.

Tukiyatazama maeneo hayo sita kwa makini, tunaona jambo moja linalojirudia: kila moja linakumbukwa kwa ajili ya wageni waliofika hapo. Bagamoyo kuna misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu iliyoanzishwa mwaka 1868, na ndipo mwili wa David Livingstone ulipofikishwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa baharini. Mamboya na Mpwapwa palikuwa na vituo vya wamisionari wa Kianglikana wa CMS, ambao walifika Mpwapwa mara ya kwanza mwaka 1876. Kilimatinde kuna boma la Wajerumani. Kwihara, nje kidogo ya Tabora, kuna tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872, kwanza pamoja na Henry Morton Stanley, halafu peke yake hadi Agosti akisubiri wapagazi waletwe kutoka pwani. Ujiji kuna ukumbusho wa mahali walipokutana wawili hao mwaka 1871. Hakuna aliyekaa akapanga kuwasahau wenyeji. Wageni waliandika vitabu, misheni zikatunza kumbukumbu zake, serikali ya kikoloni ikaweka alama mahali palipotajwa vitabuni, nasi tukarithi alama hizo pamoja na mapengo yake. Reli nayo ikaongeza usahaulifu. Ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na haikufuata nyayo za misafara kila mahali: ilipita Gulwe ikaiacha Mpwapwa kando, ikapita Saranda chini ya Kilimatinde, na bandari ya Ujiji ikapokonywa kazi na Kigoma. Miji hiyo walau ilibaki na kanisa au boma la kuikumbusha. Kambi ambazo hazikuwa na kanisa wala boma zilipoteza hata majina.

Sasa tuwatazame waliotembea. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi wa Afrika Mashariki, ameonyesha kuwa wengi wa waliobeba mizigo katika njia ya kati hawakuwa watumwa. Walikuwa watu huru wa kazi ya mshahara, Wanyamwezi wakiwa mbele yao wote, na walijua thamani ya kazi yao. Walipatana ujira kabla ya safari, walidai posho, waligoma msafara ukicheleweshwa au mzigo ukizidishwa, na walitoroka walipoona wamedhulumiwa. Wengi walipanga safari kwa kalenda ya shamba: baada ya mavuno wakashuka pwani, kabla ya mvua kubwa wakarudi kulima. Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili hivi, yaani kilo 32 zaidi au pungufu, mbali na mkeka wa mbebaji, sufuria na silaha yake. Wabeba pembe walichukua mzigo mzito kuliko huo na waliona fahari kwa hilo. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyeondoka pwani Juni 1857 akafika Tabora Novemba, ameeleza mpangilio wa msafara: kirangozi mbele na bendera nyekundu, kajipamba kwa ngozi na manyoya, nyuma yake wabeba pembe wenye kengele ya ng'ombe iliyofungwa kwenye ncha ya kila jino, kisha mizigo ya nguo, shanga na masango, na nyuma zaidi wanawake na watoto na vyungu vyao. Kirangozi ndiye aliyeziba vijia vya kupotosha kwa matawi ili walio nyuma wasikosee. Ukiwaza ni macho ya nani yanayostahili kutuongoza katika kuiweka njia hii kwenye ramani, sioni ya kuyatanguliza mbele ya macho ya kirangozi.

Wala tusidhani kuwa kwa kukosa vitabu vya Wazungu tungebaki gizani. Kiswahili chenyewe kina maandiko ya safari hizo. Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na humo barabara ya Tabora inaonekana kwa jicho la mfanyabiashara anayeijua bei ya kila kitu na nasaba ya kila mtawala. Mwaka 1901 Mjerumani Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli, na miaka miwili baadaye Desturi za Wasuaheli, ambamo sehemu kubwa ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda karibu na Bagamoyo. Hao ni mashahidi wa pwani, na wana upendeleo wa watu wa pwani dhidi ya watu wa bara. Hilo lazima lipimwe. Hata hivyo wanatupa jambo ambalo orodha ya vituo sita haitupi: njia iliyogawanywa kwa maji, chakula na mapatano, kutoka kwa mwenyeji mmoja hadi kwa mwenyeji mwingine.

Nianze na maji, kwa kuwa ndiyo yaliyoamua watu walale wapi. Magharibi ya Mpwapwa misafara ilikabili nyika ya Marenga Mkali, mwendo wa zaidi ya siku moja pasipo maji ya kutegemea. Dawa yake ilikuwa terekeza: watu hula na kunywa mapema, hujaza vibuyu, huondoka jua likiwa limeshaanza kupinda, hutembea hadi usiku, hulala pakavu bila kupika, na alfajiri husukuma tena mpaka visima vya kwanza vya Ugogo. Aliyeshindwa mzigo hapo alikuwa hatarini kufa kwa kiu. Baada ya Ugogo kulikuwa na nyika nyingine ndefu zaidi, Mgunda Mkali, mpaka msafara ufike Tura, kijiji cha kwanza cha Unyamwezi, ambako Mnyamwezi aliyetoka pwani alijiona amefika kwao. Tura haimo katika orodha. Chunyo, mlangoni mwa Marenga Mkali, haimo. Visima na malambo ya Ugogo hayamo kabisa, ingawa hakuna msafara uliofika Tabora kwa njia hiyo bila kuyanywa maji yake. Nchi ile ni kavu. Wagogo walichimba visima katika mchanga wa mito isiyotiririka na kuvitunza kwa ajili ya mifugo yao, kisha kila mwaka wakaja watu mamia kwa mamia wenye kiu. Ndipo hongo, yaani malipo ya kupita katika nchi ya mtawala, ilipopata uzito wake. Katika vitabu vya wasafiri wa Ulaya hongo ya Ugogo inasimuliwa kama unyang'anyi wa watemi wenye tamaa, na kurasa nyingi zinajaa malalamiko ya shuka na doti za merikani zilizotolewa Mvumi na Kanyenye. Tukisoma kurasa hizohizo tukiwa upande wa kisima, tunaona ushuru: malipo ya maji, ya chakula na ya usalama wa njia, yaliyopatanwa siku baada ya siku na watawala waliokuwa na haki ya kukataa. Hili ni jambo la utawala na sheria za nchi kabla ya ukoloni, na lilifanyika mahali panapoweza kuonyeshwa kwa kidole. Kwangu mimi kisima kimoja cha Ugogo kinaeleza historia ya njia hii kuliko boma la Kilimatinde.

Jambo la pili ni kwamba barabara yenyewe ilihama. Mwaka 1871 Stanley alifika Unyanyembe, himaya ya Kinyamwezi ilimo Tabora, akakuta vita kati ya wafanyabiashara Waarabu wa Tabora na Mirambo, mtawala wa Urambo, aliyekuwa akijenga dola yake magharibi ya Tabora kwa nguvu ya rugaruga, yaani askari wake, na bunduki. Waarabu walishambulia, wakashindwa, na njia ya moja kwa moja ya Ujiji ikafungwa. Stanley alilazimika kuzunguka kusini kupitia Ukonongo ndipo akafika Ujiji. Maana yake ni kuwa tukio maarufu kuliko yote katika njia hii lilifanyika baada ya msafara kupita mahali pasipo njia ya kawaida, kwa sababu mtawala Mwafrika aliamua kuifunga. Mirambo aliendelea kuwa na sauti juu ya biashara ya eneo lile mpaka alipofariki mwaka 1884. Kuihifadhi Kwihara na kuiacha Urambo ni kusimulia kesi na kuusikiliza upande mmoja. Unyanyembe yenyewe tumeipunja: Isike, mtemi wake, aliwapinga Wajerumani mpaka ngome yake ilipovunjwa Januari 1893 na yeye akafa humo, lakini mgeni anayepelekwa kuona urithi wa Tabora huanzia kwenye tembe la Livingstone. Upande wa mashariki, Morogoro, palikuwa na mji wa mtawala Kisabengo, uliojulikana baadaye kwa jina la binti yake, Simbamwene, ambao Stanley aliueleza kuwa na ukuta wa mawe na minara. Mji wenye boma la mawe lililojengwa na watu wa bara umeachwa nje ya orodha ambayo hupenda sana majengo.

Kituo ambacho ningekitetea kabla ya vingine vyote, hata hivyo, ni Uvinza. Karibu na makutano ya mito Ruchugi na Malagarasi kuna chemchemi za maji ya chumvi. Watu waliyateka maji hayo, wakayachemsha katika vyungu juu ya majiko ya moto wa kuni hadi yakauke na chumvi ibaki chini, kisha wakaifunga kwa safari. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wanaakiolojia John Sutton na Andrew Roberts walichimba hapo wakakuta matabaka ya majivu, vigae na majiko yanayoonyesha kuwa kazi hiyo ilifanyika tangu milenia ya kwanza baada ya Kristo, karne nyingi kabla msafara wowote wa pwani haujafika Ziwa Tanganyika. Katika karne ya 19 chumvi ya Uvinza ilisafiri kote Unyamwezi na kandokando ya ziwa, sambamba na majembe ya chuma. Hapo tunaona chanzo cha barabara. Wafanyabiashara wa pwani hawakufungua njia msituni. Waliingia katika mtandao wa njia za chumvi, chuma na nafaka ambao Wanyamwezi, Wavinza na jirani zao walikuwa nao tayari, na Wanyamwezi wenyewe walishafika pwani na pembe zao kabla Waarabu hawajaweka makazi Tabora. Ukiondoa Uvinza, njia inaonekana kuanzia Zanzibar na kuishia bara. Ukiirudisha, inaonekana imetoka bara. Na chumvi bado inazalishwa Uvinza hadi leo, kwa hiyo si gofu lisilo na wenyewe.

Wapo watakaosema kuwa mambo ya chumvi, hongo na mshahara wa wapagazi yatafifisha uchungu wa utumwa, na kwamba jina la njia lilichaguliwa makusudi ili watu wasisahau. Pingamizi hili nalichukulia kwa uzito kuliko mengine yote, kwa sababu limetoka mahali pema. Mradi wa UNESCO wa Njia ya Watumwa, uliozinduliwa Ouidah, Benin, mwaka 1994, ulizaliwa kutokana na kumbukumbu ya Atlantiki, na picha yake ni ya barabara moja inayoshuka kutoka bara hadi merikebuni. Katika njia yetu ya kati utumwa haukuwa na umbo hilo peke yake. Mateka wengi kutoka Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, hawakufika pwani kamwe. Walibaki Ujiji na Tabora, wakalima mashamba ambayo vijana wa Kinyamwezi waliyaacha walipokwenda upagazi. Na mpagazi huru aliyerudi na ujira wake aliweza kuutumia kununua mtu. Kwa hiyo kazi ya mshahara na utumwa vilitegemeana. Anayemweleza mpagazi kama mtumwa mwenye minyororo anamwondolea heshima yake ya mfanyakazi, na papo hapo anamficha mtumwa wa kweli, mwanamke aliyekuwa akipalilia mtama nyuma ya tembe Tabora, ambaye hana mnara popote. Utumwa ulikuja kufutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922. Vizazi vyake si vya mbali, na mazungumzo juu yake katika miji hiyo yanahitaji staha. Lakini hayatawezekana ikiwa simulizi rasmi linawaonyesha waliopita tu na kuwasahau waliobaki.

Tena kama ni utumwa unaotafutwa, twende kusini. Takwimu za ushuru wa forodha za Kilwa kati ya mwaka 1862 na 1867, zilizofikishwa mbele ya Bunge la Uingereza mwaka 1871, zinaonyesha kuwa karibu watu 97,000 walisafirishwa kutoka bandari hiyo katika miaka hiyo mitano, na zaidi ya robo tatu yao walipelekwa Zanzibar. Walitoka pande za Ziwa Nyasa na nchi za Wayao, wakateremshwa hadi Kilwa Kivinje. Njia ya kati, kwa kulinganisha, ilikuwa kwanza barabara ya pembe. Mkataba wa Juni 1873 na Uingereza ulipomlazimisha Sultani Barghash wa Zanzibar kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini, Kivinje ndiko pigo lilikosikika zaidi, na misafara ikageuka kupita nchi kavu kuelekea kaskazini mpaka amri za 1876 zikaikataza hiyo pia. Tuna basi njia inayoitwa ya watumwa isiyoigusa bandari kuu ya watumwa. Ajabu zaidi, magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamekuwa Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981, na Kivinje, mji wa wilaya ileile, umeachwa nje na nyumba zake zinaendelea kubomoka. Tumehifadhi Kilwa ya masultani na dhahabu, tukaiacha Kilwa ya karne ya 19, ambayo pia ni Kilwa ya Hassan bin Omari Makunganya, mfanyabiashara wa misafara aliyenyongwa hapo na Wajerumani mwaka 1895.

Pingamizi la kawaida zaidi ni la vitendo: visima havina kuta, kambi za miiba zilioza zamani, mtalii ataonyeshwa nini? Jibu limeshatolewa kwingine. Mkataba wa ICOMOS, baraza la kimataifa la minara na maeneo ya kihistoria, kuhusu njia za kitamaduni, uliopitishwa Québec mwaka 2008, unaihesabu njia yenyewe, mwendo wake, mazingira yake na kazi iliyoifanya, kuwa urithi. Na mwaka 2014 barabara za Andes, Qhapaq Ñan, ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia kwa juhudi za nchi sita. Wala si kweli kwamba hakuna cha kuona. Kuna miembe iliyopandwa kandokando ya njia upande wa Kigoma, kuna chemchemi, kuna vivuko vya Malagarasi, kuna vilima ambavyo virangozi walivitumia kama alama. Kinachokosekana ni ulinzi wa kisheria, na hapa sheria yetu ina kasoro ya kutazamwa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inahesabu moja kwa moja kuwa ya kale vitu na majengo ya kabla ya mwaka 1863; vya baadaye vinahitaji kutangazwa na Waziri. Miaka iliyo na uzito kuliko yote katika njia hii, vita vya Mirambo, kufungwa kwa soko la watumwa Zanzibar, kuanguka kwa Isike, yote ni baada ya 1863. Mahali pasipo na jina kubwa la kumshtua Waziri hapana mtetezi.

Kuhusu fedha, sibishi: idara inayotunza mambo ya kale ina maeneo mengi na mfuko mdogo, na kuongeza vituo kwenye karatasi bila mlinzi wala fundi ni kuviua kwa njia nyingine. Ila gharama ya kurejesha jumba la mawe si sawa na gharama ya kupima kisima, kukiandika, kukiwekea mpaka na kuwaachia wenyeji wanaokitumia dhamana ya kukitunza. Cha haraka ni kupima kabla hapajachimbwa. Treni za reli ya kisasa zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, ujenzi unaendelea kuelekea Tabora na Kigoma, na kila mradi mkubwa wa namna hiyo huja na barabara zake za kazi, machimbo yake ya kokoto na viwanja vipya vinavyopimwa pembeni. Kati ya Chunyo na Tura, na tena kati ya Tabora na Malagarasi, ningetaka watafiti watangulie, wakiwa na vitabu vya Velten na vya wasafiri mkononi, na wazee wa Kigogo, Kinyamwezi na Kivinza kama viongozi wao, kwa kuwa majina mengi ya kambi yamo katika masimulizi ya ukoo tu.

Kilwa Kivinje haihitaji kusubiri utafiti huo. Anayekwenda kuona Kilwa Kisiwani hupanda chombo Kilwa Masoko, na Kivinje iko mwendo mfupi wa gari kutoka hapo, barabara moja, pwani moja, wilaya moja. Pendekezo la 2006 bado ni la awali, na nchi inaruhusiwa kulirekebisha wakati wowote kabla halijapelekwa kuamuliwa.